Wakili Atuonyeshe Hati ya Bima Kabla Hatujatia Sahihi



Kila matatu inayotoka stendi kwenda Langas au Huruma imebandikwa kikaratasi cha bima kwenye kioo cha mbele. Askari akiisimamisha, hukitazama. Hata abiria mwenye macho mazuri aweza kukisoma kabla hajapanda. Sasa twauliza: mwanachama anayepanda ngazi za ofisi ya wakili pale Uganda Road, na barua yake ya kufukuzwa kazi imekunjwa mara nne mfukoni, amewahi kuona kikaratasi cha bima ya wakili huyo? Hajakiona. Wengi wetu hatujui hata kama kitu hicho kipo.

Kipo, au yapasa kiwepo. Tangu mwaka 2004 kanuni zilizotolewa chini ya Sheria ya Mawakili zinamtaka wakili anayejiendeshea ofisi yake mwenyewe awe na bima ya kulipia makosa ya kazi yake, kiasi kisichopungua Shs. 1,000,000/=. Maana yake ni kwamba wakili akimharibia mteja shauri kwa uzembe, mteja akidai na kuthibitisha, kampuni ya bima ndiyo itakayolipa, badala ya mteja kungoja wakili auze ng'ombe wake au gari lake.

Tunaandika habari hii kwa sababu ya mwenzetu mmoja. Jina lake hatulitaji, maana shauri lake halijakwisha. Alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha mbao kwa mshahara wa Shs. 18,000/= kwa mwezi. Machi 2019 akaachishwa kazi bila notisi na bila kuitwa kujieleza. Alikuwa na deni la ada ya Chama la miezi kadhaa, akaona haya kuja ofisini kwetu, akaenda kwa wakili aliyeelekezwa na shemeji yake. Akatoa Shs. 15,000/=, akapewa risiti, akatia sahihi karatasi mbili ambazo hakuzisoma.

Tangu siku ile alikuwa akienda kila baada ya miezi miwili au mitatu, na karani alikuwa akimwambia, "Mzee, kesi inaendelea, koti ina mafaili mengi." Mwaka 2020 kulikuwa na korona, koti zilipunguza kazi, naye akaona sababu ni ya kweli. Mwaka uliofuata akaambiwa hakimu amehamishwa. Baadaye akaambiwa wakili yuko safarini. Agosti 2023 ndipo alipokuja kwetu, na tukaenda naye mpaka kwenye ofisi ya mafaili ya koti. Karani wa pale, mama mmoja mwenye subira, alitafuta kwa jina, akatafuta kwa jina la kiwanda, akatafuta tena. Hakukuwa na faili. Shauri halikuwahi kupelekwa.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanya kazi miaka 3 tu ya kupeleka shauri la namna hii. Miaka yake 3 ilikwisha Machi 2022, naye bado alikuwa akipanda ngazi zile na kuambiwa kesi inaendelea. Mlango ulikuwa umekwisha fungwa, na hakuna jaji wala hakimu aliyeruhusiwa kumfungulia.

Wakili mwenyewe, tukimtendea haki, hakututukana. Alisema alikuwa na bima mwaka 2022, na huenda ni kweli. Lakini barua yetu ya kudai ilimfikia mwanzoni mwa 2024, na mwaka ule hakuwa amechukua cheti cha kazi wala kulipia bima. Hapa ndipo tulipojifunza jambo ambalo hata sisi viongozi wa tawi hatukulijua. Bima ya gari hutazama siku ya ajali. Ukigongwa na matatu Jumanne, bima inayohusika ni ile iliyokuwapo Jumanne. Bima ya wakili kwa kawaida haiendi hivyo. Hutazama siku dai lilipotolewa, si siku kosa lilipotendeka. Kosa laweza kutendeka mwaka 2022 chini ya bima nzuri kabisa, na dai likaja mwaka 2024 wakati hakuna bima, na kampuni ikasema haihusiki. Kwa hiyo kila mwezi mteja anaopoteza kwa kuona haya, au kwa kuamini maneno ya karani, humpunguzia nafasi ya kulipwa na mtu yeyote.

Mwenzetu huyu angeshinda, koti ingeweza kumpa fidia hadi mshahara wa miezi 12, yaani Shs. 216,000/=, pamoja na fedha za notisi. Kwa mtu mwenye watoto wawili katika shule ya upili, hiyo si fedha ya kusahauliwa.

Sasa, tusije tukadhani kwamba kila anayeshindwa kotini ana haki ya kudai bima. Koti za Kenya zimesema mara nyingi kwamba wakili halipishwi kwa sababu alikosea katika jambo ambalo mtu mwenye akili timamu angeweza kukosea, wala kwa kutojua kipengele kilichojificha cha sheria. Hulipishwa kwa uzembe mkubwa, au kwa kutojua mambo ya kawaida ambayo wakili hukutana nayo kila siku. Kupitisha miaka 3 bila kupeleka shauri ni jambo la namna hiyo. Kutokwenda kotini siku ya kusikilizwa mpaka kesi ikafutwa, ni namna hiyo pia.

Na liko jambo jingine ambalo hapa kwetu lina uzito, kwa kuwa wengi wetu tunafanya kazi karibu na misumeno, mashine za nguo na makaa ya moto. Mwenye kuumia kazini hapaswi tena kukimbilia kotini. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 inasema dai liende kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na asiyeridhika na uamuzi wake ndiye anayeweza kwenda mbele. Chama cha Mawakili kiliipinga sheria hiyo kwa miaka mingi, mpaka Mahakama ya Juu ilipokata shauri tarehe 3 Desemba 2019 na kusema sheria ni halali. Wakili anayechukua mkono uliokatwa vidole leo na kuupeleka moja kwa moja kwa hakimu kama zamani, anampotezea mteja wake wakati, na wakati wenyewe ni mfupi: ajali isiporipotiwa kwa tajiri katika muda wa miezi 12, haki ya fidia hupotea. Uamuzi ule una miaka kadhaa sasa. Wakili hawezi kusema hajausikia.

Anayedai lazima pia athibitishe mambo mawili, si moja. La kwanza, kwamba wakili alizembea. La pili, kwamba kama asingezembea, shauri lingekuwa na faida. Yaani unalazimika kuendesha kesi yako ya zamani ndani ya kesi mpya: kuonyesha kwamba tajiri alikufukuza bila haki, kuleta mashahidi, barua, hati za mshahara. Mtu ambaye kesi yake ilikuwa bure tangu mwanzo hakupoteza kitu wakili aliposahau kuipeleka. Ndiyo maana tunawasihi mtunze karatasi zenu. Yule wa kiwanda cha mbao alikuwa amempa wakili barua ya asili na hakubaki na nakala, tukalazimika kuitafuta nakala kwa mwenzake aliyefukuzwa siku ile ile.

Tuje kwenye kiasi. Milioni moja yaonekana nyingi ukiitaja haraka. Hebu tuihesabu kwa mshahara wetu. Mfanya kazi wa Shs. 18,000/= akiumia hata asiweze kufanya kazi tena maisha yake, sheria ya majeraha inampa mshahara wa miezi 96. Hiyo ni Shs. 1,728,000/=. Basi wakili mwenye bima ya kiwango cha chini akimpotezea mtu mmoja tu dai la namna hiyo, bima imekwisha na deni limebaki. Sasa chukua wafanya kazi 30 waliofukuzwa pamoja, wakachangishana, wakampa wakili mmoja faili moja, kama ilivyo desturi yetu kwa kuwa twapenda kwenda kwa pamoja. Kila mmoja akipoteza miezi yake 12 ya Shs. 18,000/=, jumla ni Shs. 6,480,000/=. Gawanya milioni moja kwa watu 30, kila mtu apata Shs. 33,333/= na senti. Na hapo hatujatoa ile sehemu ya kwanza ya kila dai ambayo kampuni nyingi humwachia wakili alipe mwenyewe, wala hatujauliza kama kiasi kilichoandikwa ni cha kila dai au cha mwaka mzima kwa wateja wote wa ofisi ile. Maneno hayo mawili katika hati yana tofauti kubwa kuliko tarakimu yenyewe.

Kule Uingereza, ambako desturi nyingi za mawakili wetu zilitoka, mawakili wanaoshughulika na wateja moja kwa moja walilazimishwa kukata bima tangu mwaka 1976, na kiwango chao cha chini leo ni pauni milioni 2 kwa kila dai. Hatusemi Eldoret iwe London. Twasema tu kwamba kiwango kilichowekwa 2004 kiliwekwa wakati kilo ya sukari na kodi ya chumba Langas vilikuwa na bei nyingine kabisa, na milioni ile imebaki pale pale ilipokuwa.

Wako watakaosema: tatizo la mawakili si kusahau tarehe, tatizo ni kula fedha za watu. Malalamiko hayo tunayasikia kila wiki. Tajiri amelipa, fedha zimeingia kwa wakili, na mwenye mkono uliokatika anapewa ahadi. Yafaa kila mwanachama aelewe wazi kwamba bima hii si dawa ya wizi. Kampuni ya bima hukubali kulipia uzembe. Haikubali kumlipia mtu wizi alioufanya kwa makusudi, na mtu yeyote aliyewahi kukata bima anaelewa sababu. Fedha za mteja zapaswa kukaa katika akaunti ya wateja, mbali na fedha za wakili mwenyewe. Akizila, hilo ni jambo la polisi, na la Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili iliyoanzishwa mwaka 1989, ambayo hupokea malalamiko bila ada na yaweza kumfikisha wakili mbele ya Baraza la Nidhamu. Baraza lina uwezo wa kumfuta katika orodha ya mawakili na kuamuru amlipe mteja fidia. Malalamiko ya mwenzetu tumeyapeleka huko, na bado tunangoja.

Tulipozisoma zile karatasi mbili alizotia sahihi, ya kwanza ilikuwa ya kumruhusu wakili amsimamie. Ya pili ilikuwa na mstari uliosema kwamba ofisi haitawajibika kwa hasara yoyote itakayotokana na ucheleweshaji. Mwenzetu aliposomewa mstari huo alishika kichwa, akadhani amejifunga mwenyewe. Hakujifunga. Sheria ya Mawakili inasema makubaliano yoyote ya kumwondolea wakili wajibu wake kwa uzembe wa kazi hayana nguvu. Mstari ule ni wino tu. Lakini ni wangapi wameusoma mahali fulani, wakarudi nyumbani wakanyamaza?

Tulizungumza na mawakili wawili wa mji huu ambao wamewahi kusaidia Chama. Hawakupenda maneno yetu yote. Mmoja alisema ofisi yake ni chumba kimoja na karani mmoja, wateja wake ni wakulima wa mahindi na wafanya kazi kama sisi, na kiwango cha bima kikipandishwa yeye ataongeza ada, na maskini ndiye atakayelipa. Hilo ni neno la kweli, wala hatulikatai. Lakini tukamwuliza: sheria inamtaka tajiri wa kiwanda akate bima kwa ajili ya vidole vyetu, na matajiri nao husema gharama ni kubwa, je, katika hilo wewe husimama upande gani? Akacheka. Yule wa pili akatueleza jambo ambalo lilitusaidia. Alisema wakili akipata barua ya dai, hati ya bima humkataza kukiri kosa au kuahidi malipo kabla ya kuiarifu kampuni, na akikiri aweza kupoteza bima yake. Kwa hiyo ukimya wake mara nyingine si kiburi. Basi tusiende kumpigia kelele ofisini ili akiri. Tumwandikie barua yenye tarehe, tutaje kosa na hasara, tumtake aifikishe kwa kampuni yake ya bima, tubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Dai la uzembe lina miaka 3 na dai la kuvunja mapatano lina miaka 6, lakini baada ya yale tuliyoyaona juu ya bima, anayengoja hata miezi 6 anajichezea.

Sasa tufike kwetu wenyewe, maana haifai kumnyooshea wakili kidole na hali yetu hatuitazami. Sheria ya Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2011 inamruhusu kiongozi wa chama cha wafanya kazi kusimama kotini badala ya mwanachama, bila wakili. Ni haki kubwa, na tawi letu limeitumia. Lakini je, katibu wa tawi akisahau tarehe, nani atalipa? Yeye hana cheti cha mwaka, hana bima, wala hana Baraza la Nidhamu la kumwita. Tarehe zetu mpaka mwaka jana zilikuwa zimeandikwa katika kalenda ya ukutani ya duka moja la vifaa vya shamba, na mwezi ulipokwisha ukurasa ulikatwa. Hatujapoteza shauri la mtu kwa njia hiyo. Tumebahatika, wala hatuna sifa nyingine ya kujipa.

Na lile jambo la kuona haya. Mwenzetu alikimbia ofisi hii kwa sababu ya deni la ada. Kama angekuja Machi 2019, pengine tungemwambia alipe kwanza ndipo tumsikilize, maana ndivyo tulivyokuwa tukiwaambia wengi. Tunaona sasa kwamba tulikosea. Mtu aweza kuandikiwa tarehe yake ya mwisho katika daftari bila kuulizwa habari ya ada. Kuandika tarehe hakugharimu kitu.

Kwa hiyo kamati ya tawi italeta mambo haya mbele ya mkutano mkuu ujao. Kwamba wakili yeyote atakayepewa shauri la Chama aonyeshe kwanza cheti chake cha mwaka, ambacho hukwisha tarehe 31 Desemba, pamoja na hati ya bima ya mwaka huo huo, na kiasi chake. Cheti hakihitaji hata kuombwa, kwa kuwa Chama cha Mawakili kina orodha ambayo kijana yeyote mwenye simu aweza kuitazama, lakini hati ya bima lazima iombwe. Kwamba shauri la watu wengi lisipewe wakili mwenye bima ya milioni moja tu. Kwamba katibu afungue daftari la tarehe, lenye nakala mbili, moja ikae kwa mweka hazina. Na kwamba Chama kiulize makao makuu kama yawezekana kukata bima kwa viongozi wanaosimama kotini, na kwa bei gani. Wenye maoni tofauti waje nayo, hasa wale watakaosema daftari linatosha na bima ya viongozi ni kutapanya ada. Hata ndani ya kamati hatukuafikiana.

Mwenzetu wa kiwanda cha mbao amekubali kuja mkutanoni na zile karatasi zake mbili. Zitasomwa kwa sauti, mstari kwa mstari, kwa ajili ya wale ambao wamewahi kutia sahihi karatasi kama hizo.